Baba Akishapogoa Miwaridi

Jumatatu, 3 Julai

Sketi kumi na nane leo. Mgongo haunitaki. Na katikati ya kila sketi nimesimama mara mbili: kumpeleka Baba chooni, kumrudisha Baba kutoka chooni, dawa ya presha, chai, mto umeanguka, "mwanangu, redio imenyamaza." Redio haikunyamaza. Ameizima mwenyewe kwa kiwiko.

Meneja alikuja jana. Ni mdogo wangu, si meneja wa mtu yeyote, ila tangu utotoni kazi yake ni kuwagawia wengine kazi. Alikaa sebuleni hata koti hajavua, akamwambia Baba chumba kiko tayari kwao. Ghorofa ya nne, lifti ipo, choo mle mle chumbani, na wifi yangu anashinda nyumbani. Huku kwetu tangu Baba aanguke bafuni mwezi wa tano hakuna anayelala kwa amani. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema sawa, nitakwenda. Nikishapogoa miwaridi.

Meneja akanigeukia, kupogoa ni siku ngapi? Nikasema hata siku moja inatosha, ni miti kumi na moja tu. Akapiga makofi. Basi wikiendi ijayo!

Baba akasema bado macho hayajavimba.

Mimi ndiye niliyempigia Meneja simu. Baba hajui. Nilimwambia njoo umchukue, nimechoka, nitatangulia mimi kabla yake. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema.


Alhamisi, 6 Julai

Nimemuuliza Baba hayo macho yanavimba lini. Akasema chukua kigoda unifuate. Dakika kumi kutoka mlangoni hadi mwaridi wa kwanza! Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine bega langu. Akanionyesha kijivimbe kwenye tawi, chekundu kidogo, hakizidi punje ya mtama. Hilo ndilo jicho, na hapo ndipo tawi jipya litatokea. Likiwa limelala bapa, baridi haijaisha, usikate. Ukikata mapema litaamka, baridi itarudi, litaungua. Ukichelewa, mti umeshamwaga nguvu zake kwenye matawi utakayotupa. Basi nijue siku yenyewe vipi? Utatumia akili, mwanangu. Miaka thelathini na nne ametunza bustani ya hospitali na jibu ndilo hilo hilo.

Miti yote imetoka huko, vijiti alivyoviokota kwenye toroli la takataka siku za kupogoa. Kila mmoja ana jina. Daktari, kwa sababu anachoma kila anayemkaribia. Matroni, mpana. Kibogoyo, hana miiba. Mkaidi. Pacha wawili. Na ule wa dirishani kwangu, Bi Mkubwa, aliompandia marehemu Mama. Mama alikuwa akiusemesha mti ule kila asubuhi kuliko alivyomsemesha mumewe. Hilo Baba mwenyewe ndiye anayelisema, na kila mara anacheka peke yake.

Mkasi hawezi tena, mikono inatetemeka. Kwa hiyo ana utaratibu wake. Anaketi kwenye kigoda anafunga vitambaa, mabaki ya cherehani yangu. Buluu ya sketi: kata. Nyeupe ya shati: acha. Mimi napita nyuma yake na mkasi. Mwaka jana majirani waliuliza tuna harusi ya nani.

Vitambaa nilivyompa leo amevikataa. Vifupi, havifungiki. Nimeacha kazi za watu nikakaa kumkatia vitambaa! Tena akataka kujua nimevikata na mkasi upi. Sheria ya nyumba hii ni moja: mkasi wa nguo haukati miti, mkasi wa miti haukati nguo. Mama ndiye aliyeitunga, siku aliyomkuta Baba anapunguza Mkaidi kwa mkasi wake mpya. Walinuniana hadi Ijumaa.


Jumapili, 9 Julai

Nimeharibu.

Baba alikuwa amesinzia. Nikajiambia, kama miwaridi bado, basi nipunguze mengine, kazi ipungue, siku isogee. Nikaanza na lavenda za kando ya njia. Hizo nilizikata sawa, ncha za kijani peke yake, maana ukiingia kwenye mti mkavu haichipui tena. Hilo nalikumbuka. Kisha nikaingia kwenye yasmini ya ukutani. Ilikuwa imejaa, imefunga mpaka bomba la maji. Nikainyoa kipara. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Kukata kitu kikakatika!

Baba akatokea mlangoni. Akainamisha fimbo, akavuta karibu kijitawi nilichokikata, akakishika kwa vidole viwili. Ncha yote vitumba, vidogo kama vichwa vya pini zangu. Akasema hii inachanua kwenye matawi ya mwaka jana. Inakatwa ikishamaliza kutoa maua, si kabla. Umeyakata yote. Mwaka huu hatutanusa kitu.

Jua lilikuwa limenipiga kichwani, mikono inawasha. Nikasema, kwani utakuwepo?

Jamani, ulimi wangu huu.

Mchana amekula vijiko vitatu, akaniambia ahsante. Anaponiambia ahsante ujue mambo ni mabaya.


Jumatano, 12 Julai

Bado amenuna. Anaongea na redio, mimi haniongeleshi. Sista amekuja kumpima presha. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta, muuguzi mstaafu, anapita kila Jumatano bila kuitwa. Presha imepanda. Akaniuliza kando, humu ndani kuna nini? Nikamwambia yasmini. Akaniambia mumewe aliwahi kumnunia wiki mbili kwa ajili ya pasi. Tukacheka hadi nikashika ukuta. Sijacheka tangu lini, sikumbuki.

Kisha nikalia kidogo. Sista akajifanya anatafuta miwani.


Jumamosi, 15 Julai

Macho yamevimba! Nimeamka, nikafungua dirisha, na Bi Mkubwa ana vidoa vyekundu tawi zima. Nikakimbia kumwambia Baba kama mtoto. Kununa kumekwisha hapo hapo. Akataka kofia, akataka kigoda, akataka vitambaa vyote.

Asubuhi nzima amefunga. Daktari, Matroni, Pacha wote wawili. Mimi nimeleta cherehani barazani ili nimsikie akiita. Anaongea akifunga, hajali kama namsikiliza. Anza na kilichokufa: kata mpaka uone ndani peupe. Kisha matawi mawili yanayosuguana, ondoa moja, usiyaonee huruma yote mawili. Kisha vyembamba, chochote chini ya unene wa penseli hakitabeba ua. Yabaki manne, matano, yenye nguvu, katikati pawe wazi upepo upite. Juu ya jicho linalotazama nje, si linalotazama ndani. Acha nafasi ya upana wa kidole, kata mshazari, mteremko utoke kwenye jicho, maji yasilikalie. Na mkasi uufute kwa spiriti kila ukihama mti, usibebe ugonjwa wa huyu ukampa yule.

Nikamwambia Baba, mimi haya nayajua. Akasema unayajua kwa masikio.

Amechoka saa sita, nimembeba nusu nzima ya njia. Ana mifupa mitupu, lakini mizito! Kesho nakata, nimempa ahadi. Nimempigia Meneja, anakuja tarehe ishirini na tisa na gari. Ameomba ruhusa kazini kabisa. Amesema wifi ameshanunua mapazia ya chumba cha Mzee.

Nilipokata simu nilihisi wepesi mabegani. Baadaye nikaona aibu kwa wepesi ule.


Jumanne, 18 Julai

Jumapili mvua, jana mteja, leo mashuka. Mara mbili mashuka. Sijakata hata tawi.

Jioni nimetoka kuanua nguo, nikaona Daktari hana vitambaa. Hata kimoja. Nikamuuliza Baba. Upepo, akasema. Upepo umefungua mafundo? Akasema siku hizi vidole vyake havikazi mafundo vizuri. Kesho atafunga upya.

Sawa. Na mimi siku hizi sina nguvu za kubishana.


Ijumaa, 21 Julai

Si upepo.

Cherehani nimeirudisha ndani dirishani, nilikuwa hapo natia vifungo. Niliinua macho nikamwona kwenye kigoda mbele ya Matroni. Nikafikiri anafunga. Anafungua! Fundo moja baada ya jingine, na lile lililomshinda kwa vidole analifungua kwa meno. Vitambaa anavikunja vizuri anavitia mfuko wa koti. Alipomaliza Matroni akakivuta kigoda, akahamia kwa Pacha. Alipumzika mara nne. Mtu ambaye kijiko cha uji kinamwagika njiani!

Nilitaka kutoka nimkabili. Badala yake nimekaa na shati la mtoto wa watu mkononi, nimetia kifungo pasipo na tundu lake.

Chai ya saa kumi nimempelekea hapo hapo nje. Nikamuuliza, kazi inaendaje, Baba? Akasema taratibu tu, mama, taratibu. Huwa ananiita mama akiwa na la kuficha.


Jumapili, 23 Julai

Meneja amepiga. Mmefika wapi? Nikasema tunaendelea. Akasema dada, miti kumi na moja wiki tatu, kwani anapogoa msitu? Nikasema macho hayavimbi yote siku moja. Nimeyasema kama mtaalamu. Akasema nisikilize, tarehe ni ileile, sitaki longolongo. Wifi akachukua simu, sauti yake ya upole, akauliza Baba analalia mto mmoja au miwili. Hana ubaya yule mwanamke. Ningependa awe na ubaya, ingekuwa rahisi.

Miwili, nikamwambia. Na wa tatu chini ya goti.


Jumatatu, 24 Julai

Leo yamenifika hapa.

Asubuhi alikataa kuoga. Nikambembeleza. Akakataa. Nikamwinua, akajilegeza kusudi, tukakaribia kuanguka wote wawili pale pale alipoangukia mwezi wa tano. Nikapiga kelele. Nilimwambia hujionei huruma, hunionei hata mimi? Akakaa kwenye stuli ya bafuni, sabuni shingoni, ananitazama tu.

Nilimaliza kumwogesha, nikamvika, nikamkalisha. Nikavaa aproni, nikachukua mkasi, nikatoka. Bila vitambaa, bila kigoda. Nikaanza na Daktari. Kilichokufa, toa. Yanayosuguana, toa moja. Vyembamba vyote, toa. Jicho la nje, kidole kimoja, mshazari. Spiriti. Matroni. Spiriti. Pacha. Nilikuwa nalia kwa hasira na makamasi, lakini mkono haukukosea, na hilo lilinikasirisha zaidi. Nilitaka nikosee nimkomoe!

Kwa Mkaidi nikasikia fimbo nyuma yangu. Amekuja peke yake kutoka ndani. Peke yake! Nikasema moyoni sasa ataniambia niache. Akamzunguka Mkaidi kwa macho, akasema huyo umemwacha mrefu, shusha macho mawili. Nikashusha. Akasema ndiyo.

Kumi nimemaliza. Matawi yamejaa njia nzima. Akabaki Bi Mkubwa. Nikamsogelea, nikafungua mkasi, nikaweka tawi katikati ya meno yake. Baba alishika fimbo kwa mikono miwili.

Nikafunga mkasi. Nikasema mkono umekufa ganzi. Kesho.

Mkono haukufa ganzi.


Alhamisi, 27 Julai

Leo nimepanga nguo zake. Sanduku moja limetosha, maisha yote ya mtu. Koti la kazini lilikuwa nyuma ya mlango, nikatia mkono mfukoni, vitambaa. Mkono wa pili, vitambaa. Vimekunjwa kimoja kimoja, buluu peke yake, nyeupe peke yake. Nikabaki nimesimama navyo.

Alikuwa ameamka kitandani ananiona. Nikasema, Baba, nilikuona ukivifungua. Akasema, najua uliniona. Kiti cha cherehani kinalia ukigeuka.

Nikakaa chini. Nikasema kuna kitu nataka kukwambia, kuhusu Meneja, kuhusu hii safari... Akaniwahi. Akasema nilisikia ulipompigia simu. Ulikuwa jikoni, mlango wazi. Usijisumbue kunieleza, hata mimi ningechoka. Mimi mwenyewe nimejichoka, sembuse wewe.

Wiki nne! Wiki nne amejua, na ahsante ananiambia, na chai anakunywa.

Nikamuuliza, basi mbona unafungua vitambaa, si useme hutaki? Akasema nikisema sitaki, utanibakiza kwa huruma, nami nitaiona huruma hiyo kila unaponivua nguo. Nilikuwa naomba siku tu. Siku za kukaa nje wewe unashona hapo. Huko ghorofani nitakaa nje wapi?

Nimemkatia kucha. Kucha za mguu ngumu kweli, nimetumia vikata kucha viwili. Alipolala nilirudisha vitambaa mfukoni kama nilivyovikuta.

Sijui ninachotaka. Jana nilikuwa najua.


Jumamosi, 29 Julai

Naandika kwenye cherehani, daftari juu ya mashati, nikiulizwa nasema napiga hesabu ya vipimo.

Wamefika saa tatu. Meneja na gari la kuazima, kiti cha mbele ameshakilaza nyuma. Wifi ameleta mto wa shingo, ameushona mwenyewe. Ameamkia kwa adabu zote, Baba akamwitikia, akamuuliza habari za lifti. Sanduku liko mlangoni. Dawa ziko kwenye mfuko, nimeandika asubuhi, mchana, jioni.

Meneja akatoka nje akakagua. Moja, mbili, tatu, anahesabu kwa kidole. Safi kabisa! Kisha akafika dirishani kwangu. Na huu je?

Baba akasema huo bado.

Meneja akanitazama mimi. Ni kweli, dada? Macho ya Bi Mkubwa yamefunguka, yameshatoa majani madogo mekundu, hata kipofu angeona yamepitiliza. Mimi fundi, mimi niliyeambiwa najua kwa masikio. Nikasema ndiyo. Bado.

Akavuta pumzi. Akavua koti, kwa mara ya kwanza tangu Mama atutoke namwona anavua koti katika nyumba hii. Akasema basi lete mkasi, naukata mimi, dakika tano, ahadi imetimia, tunaondoka.

Nikasema sijui nimeuweka wapi.

Ndiyo hivyo. Sasa anatafuta. Ametafuta barazani, ametafuta bafuni, sijui kwa nini bafuni. Mkasi uko mfuko wa aproni yangu, chini ya futi ya kupimia, na ncha inanichoma paja kila nikikanyaga pedali. Mgongo unauma vilevile. Kesho mashuka yatakuwepo, na keshokutwa, na nitapiga kelele tena bafuni, najijua. Sijawa mtu mwema ghafla. Lakini mkasi siutoi.

Wifi ameniuliza mbona nimekaa upande upande. Nimemwambia mgongo. Ametazama aproni, kisha ametazama nje, kisha ameketi taratibu kwenye kochi, amefungua chupa ya chai akajimiminia kikombe kizima.

Baba yuko kwenye kigoda mbele ya Bi Mkubwa. Ametoa vitambaa mfukoni. Anafunga. Namwona vizuri kutoka hapa: cheupe. Tawi la pili, cheupe. La tatu, lile kavu kabisa, ambalo hata mtoto angelikata, analo kwenye vidole, fundo linamshinda, anavuta kwa meno. Cheupe.

Meneja yuko jikoni, amefungua droo ya tatu. Anapaza sauti, dada, hakuna mkasi mwingine humu ndani?

Nimepaza na mimi, ili nje pasikike: upo wa nguo. Na wa nguo haukati miti.

Nje Baba amekohoa, au amecheka, sijui. Droo ya nne hiyo inafunguka.